Namna ya kuandika historia ya usafiri wa anga kwa kuanzia kiwanja cha ndege cha kwenu

Wanafunzi wa klabu ya historia wanaponiletea insha kuhusu usafiri wa anga, karibu zote huanza na kauli moja, kwamba ndege ilivumbuliwa na ndugu wawili wa Marekani mwaka 1903. Kauli hiyo si ya uongo, lakini huifunga habari kabla haijaanza, kwa kuwa kijana aliyekaa Mwanjelwa au Uyole, mitaa ya Mbeya, haoni mlango wa yeye kuingilia. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha njia nyingine, ambayo ni kuanza na kiwanja cha ndege kilicho karibu, kukisoma kama mtu anavyosoma waraka, kisha kurudi nyuma kidogo kidogo hadi kwa waasisi wenyewe. Hapa ninaieleza njia hiyo kwa mwalimu, mwanafunzi au mkazi yeyote wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anayetaka kuiandika habari hii kwa uzito unaoistahili.

Mbeya ina haki ya kuwa mwanzo wa habari hiyo. Kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilipofungua huduma ya barua kutoka London hadi Cape Town mwezi Januari 1932, mji wetu ulikuwa miongoni mwa vituo vyake. Ndege ya kwanza ya huduma hiyo iliondoka London tarehe 20 Januari, na barua zikafika Cape Town tarehe 2 Februari. Abiria walianza kuuziwa tiketi za safari nzima mwezi Aprili mwaka huohuo. Ukifuata njia hiyo kwenye ramani kutoka Nairobi, utapita Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha utavuka mpaka hadi Mpika, na kuendelea hadi Broken Hill, ambayo leo inaitwa Kabwe, na Salisbury, ambayo leo ni Harare. Waambie wanafunzi waichore njia hiyo kwa penseli kwenye ramani ya ukutani kabla ya kuwatajia jina la mwasisi yeyote, kwa sababu mstari ukishapita juu ya mji wao, maswali huja yenyewe.

Anza na ardhi

Kazi ya kwanza ni ya miguu. Nenda kwenye kiwanja ukiwa na daftari, dira na ramani, baada ya kuomba ruhusa kwa wasimamizi wake. Usivuke uzio kwa kisingizio chochote, na usirushe droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa Mbeya, kiwanja cha zamani kiko ndani ya jiji, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na safari za abiria zilihamia kiwanja kipya cha Songwe, bondeni zaidi, mwezi Desemba 2012. Songwe iko kwenye takribani mita 1,340. Kwa Iringa, nenda Nduli, nje kidogo ya mji, kwenye takribani mita 1,430.

Andika mambo unayoyaona bila kuyapamba: njia ya kurukia imelala kuelekea wapi, milima iko upande gani, nyumba zimesogea kiasi gani, na upepo wa mchana unatoka wapi. Namba kubwa zilizochorwa kwenye ncha za njia ya kurukia zina maana. Kila namba ni mwelekeo wa dira katika digrii uliogawanywa kwa kumi, hivyo ncha yenye 09 inaelekea mashariki na ncha ya upande wa pili itakuwa na 27. Mwanafunzi akishajua hivyo, atagundua kwamba waliochagua mahali pale walikuwa wakisoma upepo, kwa sababu ndege hupenda kuondoka na kutua ikiukabili upepo. Simama hapo, tazama juu kuelekea mlima Loleza, ujiulize rubani mwenye injini dhaifu angegeukia wapi baada ya kuondoka chini.

Usidhani tu kwamba kiwanja kinachojulikana leo ndicho hichohicho kilichotumika mwaka 1932. Andika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na ulibebe hadi mwisho, kwa wazee na kwenye ramani za zamani. Viwanja vya mwanzo vilikuwa ardhi ya nyasi iliyosawazishwa, na kiwanja cha namna hiyo huweza kuhamishwa bila kuacha alama kubwa.

Baada ya kutembea, fanya hesabu. Hii ndiyo sehemu ambayo sikubali mwanafunzi wangu airuke, kwa kuwa ndiyo inayowaunganisha watu wa nyanda za juu na waasisi wote watakaofuata. Kwa hali ya hewa ya wastani inayotumiwa na wahandisi kama kipimo, hewa ya mwinuko wa mita 1,700 ina uzito wa takribani asilimia 85 ya hewa ya usawa wa bahari kwa ujazo uleule. Nguvu inayoliinua bawa hutokana na uzito wa hewa ukizidishwa kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo, tafuta kipeuo cha pili cha 0.85, ambacho ni takribani 0.92, kisha gawanya 100 kwa namba hiyo. Ndege inayohitaji kilomita 100 kwa saa ili iondoke chini kule Dar es Salaam, hapa Mbeya itahitaji takribani kilomita 108 kwa saa, huku injini yake ya kawaida ikivuta hewa nyepesi na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Mwendo unaohitajika unaongezeka na nguvu ya kuufikia inapungua kwa wakati mmoja, na jua la Oktoba likishaipasha hewa joto, hali huwa mbaya zaidi.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, soma habari za mwaka 1920. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliandaa viwanja vya kutulia kutoka Cairo hadi Cape Town, vikiwemo vya Tabora na Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Mapema mwaka 1920 ndege ya aina ya Vickers Vimy, iliyodhaminiwa na gazeti la The Times, iliharibika Tabora ilipojaribu kuondoka, na safari yake ikaishia hapo. Siku chache baadaye marubani wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliokuwa wamekwisha kuiharibu Vimy yao ya kwanza kaskazini mwa bonde la Naili, walipita na ya pili, nayo ikashindwa kupanda walipoondoka Bulawayo na kuanguka. Walimaliza safari kwa ndege ya tatu, aina ya DH.9, na kufika Cape Town tarehe 20 Machi. Tabora na Bulawayo zote ziko juu ya mita 1,000, na zote zina joto. Mwanafunzi aliyefanya hesabu ya kipeuo hahitaji kuambiwa kwa nini ndege zilizozoea hewa nzito ya Uingereza zilikuwa zikigoma katika miji hii.

Wasome waasisi kwa tatizo, si kwa jina

Vitabu vingi huwapanga waasisi kama wafalme, mmoja baada ya mwingine, na mwanafunzi hukariri miaka. Ninashauri kila mwasisi aulizwe maswali manne: alikuta tatizo gani, alipima nini, alipokea nini kutoka kwa waliomtangulia, na nani alishuhudia. Fungua ukurasa mmoja kwa kila mwasisi, na pale usipopata jibu acha nafasi wazi, usijaze kwa kubuni.

Kwa ndugu Montgolfier wa Ufaransa, ukurasa hujaa upesi. Tatizo lilikuwa kuinuka, na hewa moto ndani ya puto ililitatua. Tarehe 19 Septemba 1783, kule Versailles, waliruka kondoo, bata na jogoo, na tarehe 21 Novemba waliruka watu wawili, Pilâtre de Rozier na Marquis d'Arlandes, kwa takribani dakika 25 juu ya Paris. Mashahidi walikuwa umati mzima. Lakini puto huenda upepo unakotaka, na hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa.

George Cayley wa Uingereza anastahili muda mrefu kuliko anaopewa shuleni. Mwaka 1799 alichora kwenye kisahani cha fedha umbo la chombo chenye bawa lisilopigapiga, mkia, na njia ya kusukuma iliyotenganishwa na bawa. Kabla yake, watu walimtazama ndege wa angani na kudhani kwamba bawa lilelile lazima liinue na lisukume. Cayley alizitenga kazi hizo mbili, akapima nguvu za hewa kwa kifaa chenye mkono unaozunguka, na mwaka 1804 akatengeneza mfano mdogo usio na injini ulioruka. Ndege zote za abiria unazoziona Songwe zimejengwa juu ya wazo hilo. Ili kulionyesha, wape wanafunzi tiara na ndege ya karatasi, kisha waulize katika kila kimoja ni nini kinachoinua na ni nini kinachosukuma. Kwenye tiara, mtoto anayevuta uzi na upepo unaovuma ndivyo vinavyofanya kazi ya injini.

Otto Lilienthal wa Ujerumani alikwenda mbali zaidi kwa mwili wake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1891 aliruka kutoka vilimani takribani mara 2,000, akaandika majedwali ya nguvu za bawa ambayo wengine waliyatumia. Aliongoza chombo kwa kuyumbisha miguu na kiwiliwili, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulimzidi, akaanguka, akafariki siku iliyofuata. Msomee mwanafunzi habari hii polepole, kwa sababu bila Lilienthal huwezi kuwaelewa ndugu wa Wright.

Sasa kwa Wilbur na Orville Wright tua kabisa, ukae nao vipindi viwili au vitatu. Walikuwa mafundi wa baiskeli wa Dayton, Ohio. Tatizo walilolichagua halikuwa kuruka bali kuongoza, jambo ambalo mwendesha baiskeli hulielewa, kwa kuwa baiskeli nayo huanguka isipoongozwa. Siku moja mwaka 1899 Wilbur alikuwa dukani akizungumza na mteja huku ameshika boksi refu la mpira wa ndani wa tairi, akajikuta analipindapinda, akaona upande mmoja ukiinuka na mwingine ukishuka. Fanyeni jambo hilohilo darasani. Chukua boksi tupu la dawa ya meno, kata ncha zote mbili ili libaki kama bomba la pembe nne, lishike ncha kwa vidole vya mikono miwili, ulipinde kinyume kidogo. Kingo za upande wa kulia zitainama na za kushoto zitainuka, ilhali boksi lenyewe halivunjiki. Sasa liite bawa la juu na bawa la chini. Nimeona darasa lenye kelele likinyamaza mbele ya boksi hilo, na mwanafunzi wa dawati la nyuma akiomba arudie mwenyewe.

Walipojaribu vyombo vyao visivyo na injini mwaka 1900 na 1901 kwenye michanga ya Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, mabawa yaliinua kidogo kuliko hesabu ilivyoahidi. Hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi. Badala ya kuongeza ukubwa wa bawa kwa kubahatisha, walirudi Dayton wakatengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa karibu mita 2, feni ikivumisha hewa ndani yake, na kwa vipimo vilivyoundwa kwa vipande vya misumeno ya chuma na spoku za baiskeli wakapima maumbo madogo ya mabawa yapatayo 200. Waligundua kwamba namba ya shinikizo la hewa iliyotumiwa kukokotoa nguvu ya bawa, iliyorithiwa tangu karne ya 18, yaani 0.005, ilikuwa kubwa mno, na kwamba namba sahihi ilikuwa karibu na 0.0033. Waandike wanafunzi namba hizo mbili ubaoni. Chombo cha mwaka 1902 kilichotokana na vipimo hivyo kiliongozeka vizuri, na kilichobaki kilikuwa injini, ambayo fundi wao Charlie Taylor aliijenga ikiwa na takribani nguvu za farasi 12, na rafadha, au pangaboi kama wengi wanavyoiita, ambayo waliichonga wenyewe wakiichukulia kama bawa linalozunguka.

Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12, mita zipatazo 37, na safari ya nne ya siku hiyo, ya Wilbur, ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260. Mashahidi walikuwa watano. Mmoja wao, John Daniels wa kituo cha uokoaji baharini, ndiye aliyebonyeza kamera, na alikuwa hajawahi kupiga picha maishani mwake. Kisha rudi kwenye hesabu ya Mbeya. Kitty Hawk iko usawa wa bahari, hewa ya Desemba ilikuwa baridi na nzito, na upepo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa ulikuwa ukiwakabili. Walipohamia malisho ya Huffman karibu na Dayton mwaka 1904, mahali pa juu zaidi kwa mita 200 na ushei tu na penye upepo hafifu, walihangaika kuondoka chini hata wakajenga mnara wenye mizigo ya kuangushwa ili iwavute mwanzoni. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alizunguka angani hapo kwa zaidi ya dakika 38, kilomita zipatazo 39. Mwulize mwanafunzi: injini ya farasi 12 ingefanya nini kwenye mita 1,700? Mwache ahesabu.

Kwa swali la nani alikuwa wa kwanza, usiliogope, ila mlazimishe mwanafunzi aeleze kwanza ni wa kwanza kufanya nini. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, aliruka mita 220 tarehe 12 Novemba 1906 hadharani, kwa chombo kilichoondoka kwa magurudumu yake, na ndiyo maana Brazili humpa heshima kubwa. Louis Blériot alikuwa wa kwanza kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege, tarehe 25 Julai 1909. Naye Abbas ibn Firnas wa Cordoba, aliyeishi karne ya 9, hutajwa sana katika mitandao kama mtu aliyeruka kwa mabawa na kuumia alipotua. Habari yake kamili tunayoisoma imetoka kwa al-Maqqari, mwandishi wa karne ya 17, aliyenukuu watu wa kale zaidi. Simfuti kwenye orodha. Ninamwambia mwanafunzi aandike miaka yote miwili, ya tukio na ya maandishi, ili msomaji aone umbali uliopo kati yake.

Wanawake wasiachwe mwisho kama nyongeza. Bessie Coleman, binti wa wakulima wa Texas, alikataliwa na vyuo vya urubani vya Marekani kwa sababu ya rangi na jinsia yake, akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa, akiwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kuipata. Beryl Markham, aliyekulia Njoro nchini Kenya, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi mwezi Septemba 1936 na kutua kwa matatizo kwenye kinamasi cha Nova Scotia. Kwa msichana wa Iringa, safari ya Coleman kwenda ng'ambo kutafuta mafunzo aliyonyimwa kwao haihitaji maelezo marefu.

Kuna kundi jingine ambalo karibu vitabu vyote hulipita: vibarua wa Kiafrika waliofyeka misitu, wakang'oa visiki na kusawazisha vichuguu kwa majembe ili viwanja vya mwaka 1919 na 1920 vipatikane. Rubani Mwingereza Alan Cobham aliposafiri kutoka London hadi Cape Town kati ya Novemba 1925 na Februari 1926 kwa ndege ya DH.50, akiichunguza njia ambayo Imperial Airways ingekuja kuitumia, alitua kwenye ardhi iliyoandaliwa na watu hao. Majina yao hayapo kwenye vitabu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda kwa wazee.

Namna ya kuwauliza wazee

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilipokwenda kumhoji mzee, nilimwuliza kama aliziona ndege za Imperial Airways zikitua Mbeya mwaka 1932. Akaitika kwa heshima, nami nikaandika kwa furaha. Nilipofika nyumbani nikafanya hesabu ya umri wake, nikaona mwaka 1932 alikuwa hajazaliwa. Mzee hakudanganya. Mimi ndiye niliyemwekea jibu mdomoni, naye hakutaka kumvunja moyo mgeni aliyekuja na daftari.

Tangu hapo ninawafundisha wanafunzi wafanye hivi. Kwanza, salamu zikamilike. Atakayesema "Shikamoo mzee" na kuitikiwa "Marahaba mwanangu" asikurupuke kutoa simu ya kurekodia. Akae, aulize hali, na kama mzee ni Mnyakyusa na mwanafunzi anaweza kusema "Mwaghonile", aseme. Ruhusa ya kurekodi iombwe kwa maneno ya wazi. Kisha maswali yawe mapana: "Baba, mara ya kwanza kuona eropleni ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Watu walisemaje?" Usitaje mwaka. Badala yake, tumia vigingi ambavyo kila mtu anavikumbuka, kama Vita ya Pili ya Dunia, Uhuru wa mwaka 1961, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, au kufunguliwa kwa Songwe. Mzee akisema ilikuwa kabla ya Uhuru, na ndege ilikuwa na herufi za East African Airways, umepata kipindi, kwa sababu shirika hilo lilianza kazi mwaka 1946.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 8 mwaka 1932 alizaliwa mwaka 1924. Kwa hiyo mengi utakayosikia kuhusu ndege za barua ni masimulizi ya baba na babu, nayo yana thamani yake, mradi yaandikwe hivyo. Ninagawa ukurasa katika safu tatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia kwa aliyeona, na yanayosemwa tu mtaani. Mzee mmoja aliponieleza jinsi vijana walivyokuwa wakitumwa kuwaondoa ng'ombe kiwanjani kabla ndege haijatua, alichukua fimbo yake akachora mavumbini: mahali pa ng'ombe, mahali pa mfuko wa kitambaa ulioonyesha upepo, na mduara ambao ndege iliuzunguka juu ili kuwaonya watu. Nilipiga picha ya mchoro ule kabla kuku hawajaufuta. Mchoro wa mavumbini ni ushahidi kamili. Uandikie tarehe na mahali, na jina la mzee kama ameridhia.

Masimulizi mengine yapimwe kwa tarehe. Nimewahi kusikia kwamba wakati wa Vita ya Kwanza kitu kikubwa kama mlima kilielea juu ya nyanda za kusini kikiwaletea Wajerumani silaha. Meli ya anga kama hiyo kweli ilitumwa. Iliitwa L59, ikaondoka Jamboli nchini Bulgaria mwezi Novemba 1917 kumpelekea von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, shehena, lakini iliagizwa kurudi ikiwa juu ya Sudan, na baada ya saa 95 na zaidi ya kilomita 6,700 ikatua ilikoanzia. Haikufika kwetu. Ila ndege za kijeshi za Waingereza zilikuwepo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita hiyo, na mwezi Julai 1915 marubani waliongoza kutoka angani mizinga iliyoimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg kwenye delta ya Rufiji. Kwa hiyo masimulizi ya babu aliyeona ndege ya vita hayapaswi kutupwa pamoja na yale ya meli ya anga. Yaandike na uendelee kuyafuatilia.

Karatasi, na jinsi ya kuzilinganisha

Baada ya wazee nenda kwenye karatasi. Ratiba za safari za Imperial Airways za miaka ya 1930 zimehifadhiwa na wakusanyaji, na nakala zake nyingi zinaonekana mtandaoni. Tafuta Mbeya kwenye safu ya vituo na unakili siku na saa. Bahasha zilizosafirishwa kwa ndege ni shahidi mwingine, kwa kuwa muhuri wa posta una jina la mji na tarehe. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, linafaa kupekuliwa, na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya utawala wa Kiingereza. Kwa aliyeko Mbeya au Iringa, maktaba ya mkoa ni mahali pa kuanzia kabla ya kulipa nauli ya basi.

Ukizilinganisha ratiba, utaona jambo ambalo wazee wachache walilitaja bila kulieleza: baada ya mwaka 1937 ndege kubwa za safari ndefu ziliacha kupita. Sababu ni kwamba kampuni ilianza kutumia ndege zinazotua majini, aina ya Short Empire, zikafuata pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Bahari haihitaji kufyekwa, nayo iko mita sifuri. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1933, kampuni ilikuwa imeleta ndege za Armstrong Whitworth Atalanta zenye injini nne, ambazo sharti mojawapo la kuundwa kwake lilikuwa kuweza kubaki kwenye futi 9,000, yaani mita 2,740 hivi, hata injini moja ikizimika. Sharti hilo liliandikwa kwa ajili ya ardhi kama yetu. Mwanafunzi akiliona, ataelewa kwamba milima ya Mbeya na Uporoto iliingia kwenye michoro ya wahandisi wa Uingereza.

Namna ya kuiandika

Andika kwa kuanzia kiwanjani. Aya ya kwanza iwe ya mahali, ya pili iwe ya mwinuko na hesabu yake, kisha waasisi waje kadiri hesabu inavyowaita: Cayley kwa bawa, Lilienthal kwa mwili na upepo, Wright kwa kuongoza, Cobham na marubani wa mwaka 1920 kwa joto na mwinuko. Usimtaje mwasisi asiyejibu swali lililokwisha kuulizwa na kiwanja chako. Atapata nafasi kwenye insha nyingine. Kila tarehe iwe na chanzo chake kwenye daftari, hata kama hutakichapa, na pale wazee na karatasi wanapopingana, andika yote mawili kwa heshima sawa, halafu useme wewe unaelemea wapi na kwa nini.

Rasimu ikikamilika, irudishe kwa waliokusimulia kabla haijatoka. Isome kwa sauti, polepole, na umwachie mzee nafasi ya kukatiza. Yule mzee wa mchoro wa mavumbini alitusikiliza hadi mwisho bila kusema neno, kisha akatuomba turudi kwenye sentensi ya mfuko wa upepo, tulioandika kuwa ulikuwa mwekundu. Akasema ulikuwa mweupe, na kwamba masika ulikuwa ukilowa na kuning'inia, hivyo mtu mmoja alisimama karibu na nyasi mbichi zinazofuka moshi ili rubani asome upepo kwa moshi huo. Tukafuta rangi nyekundu, tukaandika moshi, na nakala tatu zikapelekwa: moja kwake, moja shuleni, na moja maktaba ya mkoa, ikiwa na tarehe ya masahihisho kwenye ukurasa wa kwanza.